Kifuniko Nilichomletea Baba

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikwenda Gatumba kumhamisha mama mdogo. Maji yalikuwa yameingia nyumbani kwake tena, na safari hii hakulia wala hakugombana na mtu. Alisema tu, "Nimechoka, mwanangu," akaanza kufungia vyombo ndani ya mashuka. Tulipakia kitanda, makabati mawili yaliyovimba kwa unyevu, masufuria na magunia ya nguo zilizonuka tope. Mama mdogo alikataa kukaa mbele, akapanda juu ya magodoro kulinda vitu vyake. Mimi nikakaa na dereva wa lori la kukodi, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Hatukufika mbali. Mshale wa joto ulipanda, mvuke ukaanza kutoka mbele, tukasimama kando ya barabara.

Dereva alishuka, akachukua kitambaa, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha radiateri.

"Acha! Usifungue!"

Sikujua kama ninayo sauti ile. Dereva aliruka nyuma, akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Mama mdogo aliuliza kutoka juu ni nani amegongwa. Nikamwomba dereva tungoje ipoe, hata kama ni saa nzima. Alitupa kitambaa begani, tukakaa kwenye majani tukiisikiliza injini ikitulia, tik, tik, tik. Na wewe rafiki yangu unajua jinsi sauti ndogo inavyoweza kumbeba mtu. Kabla haijanyamaza nilikuwa nimesharudi Buyenzi, mtaa wa utoto wangu, nina miaka kumi, nimesimama pekupeku kwenye mchanga uliolowa mafuta machafu.

Garaji ya baba haikuwa na ukuta wala bango. Ilikuwa uwanja tu mbele ya nyumba yetu, na magari yalipozidi yalisimama barabarani, majirani wakapita kwa ubavu. Asubuhi ilianza kwa nyundo za wanyoosha bodi wa upande wa pili, halafu harufu ya maandazi ya jirani, halafu dizeli, na dizeli ilishinda harufu zote mpaka jioni. Nikitoka shule nilivua sare, nikavaa gauni kuukuu, nikakaa kwenye tairi kuosha vipuri ndani ya beseni na kupanga nati kwa ukubwa. Wanawake wa mtaani walimwambia bibi kwamba mtoto wa kike hapaswi kunuka hivyo. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Aliwajibu kwamba dizeli inatoka kwa sabuni, uvivu ndio hautoki. Kisha akaendelea kuchambua mchele.

Baba alikuwa fundi wa malori. Alikuwa mwembamba, mpole, na alikuwa na desturi ya kuweka kiganja juu ya injini kabla ya kumuuliza mwenye gari neno lolote, kama nesi anavyomgusa mgonjwa. Magari madogo aliwaachia wengine. Alisema lori linasema ukweli kwa sababu linabeba mzigo.

Mwezi ninaokumbuka ulikuwa wa Ramadhani, tena wa jua kali, lile jua la bondeni linalokaa juu ya bati kuanzia saa nne. Baba alifunga na kufanya kazi kama kawaida. Alishinda mikono yake ikiwa ndani ya maji, akijaza radiateri za watu ndoo kwa ndoo, na tone halikugusa mdomo wake. Kufikia alasiri midomo ilikuwa imempauka na alizungumza kwa ishara tu, anaonyesha kidole, nami naleta.

Ndivyo ilivyokuwa siku lile lori la kijani lilipoletwa. Lilikuwa la mama mmoja mfanyabiashara, mjane kutoka ng'ambo, upande wa Uvira, aliyevuka zamani na watoto wake akaanza upya kwa kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kidogo kidogo akafikia kuwa na lori. Lilipandisha samaki wakavu na chumvi mpaka Gitega, likarudi na viazi na maharage. Dereva wake alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu mnene mwenye kicheko chepesi, ambaye kila aliporudi kutoka juu milimani alimletea bibi kabichi moja kubwa, bila kukosa.

Siku ile mpira mmoja wa maji ulikuwa umepasuka. Baba alikuwa amelala chini ya lori akiufunga mpya, mama mwenye lori amesimama juu yake akihimiza, maana samaki walikuwa wamekwisha kupakiwa. Baba aliona pia kwamba kifuniko cha radiateri, ambacho kwetu tunaita bushoni, kimekatika mpira wake. Alinyoosha mkono kutoka chini.

"Mama, niletee bushoni ingine mu kopo."

Mimi ndiye niliyeitwa mama, ndivyo akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nilikimbilia kopo la maziwa ya unga tulimoweka vifuniko, nikaingiza mkono. Vilivyokuwemo vilikuwa vyeusi kwa uchafu, isipokuwa kimoja kilichong'aa kama sarafu mpya. Nikachukua kile. Baba alitoka chini ya lori, macho yamemwingia ndani kwa kiu, akakifunga, akakaza, akafunga boneti. Adhana ya alasiri ilikuwa inaanza. Lori likaondoka, likalala sokoni ili lipande mlima asubuhi.

Siku mbili baadaye lori lilirudishwa likivutwa kwa mnyororo. Dereva alikuwa ametangulia kwa gari la watu wengine, mkono wa kulia na shingo vimefungwa kanga.

Habari tuliipata vipande vipande. Barabara ya Bugarama, ya kwenda Gitega, unaijua, inapanda tu, kona juu ya kona, mpaka unaingia kwenye ukungu na baridi. Vijana wa baiskeli hushika malori kwa nyuma wakavutwa mpaka juu. Katikati ya mlima injini ilichemka. Dereva alisimama, akangoja kidogo, lakini samaki, jua na maneno ya bosi wake vilimharakisha. Alifungua kifuniko kwa kitambaa kilicholowa. Maji yalimrukia kama kitu kilichokuwa kimefungwa kwa hasira.

Bibi alikwenda kwake na asali na majani ya aloe, akarudi. Alichosema ni kwamba ngozi imetoka na kanga.

Mama mwenye lori alikuja uwanjani kwetu na hasira zake zote.

"Fundi, huyu mutu ameniua. Amepandisha kamyo yangu mulima bila maji. Samaki imelowa ukungu, imeharibika, wateja wamenikimbia. Mi nilishapata shofere mwingine. We nitengenezee tu."

"Ungoja kwanza, mama," baba alimjibu. "Acha nijue gari inaumwa nini."

"Gari haiumwe! Mwenye kuumwa ni kichwa ya huyu."

Jioni ile baba alinichukua tukaenda kumwona dereva. Alikuwa amekaa kitandani, mkono juu ya mto, watoto wake wanne wamejipanga ukutani wakimtazama kana kwamba amekuwa mgeni.

"Maji niliweka, fundi," alisema. "Mi mwenyewe, asubui, ikajaa mpaka juu. Tuko mu mwezi mutukufu, siwezi kukudanganya."

"Nakuamini," baba akasema.

Alilichunguza lori lile siku mbili, akiwa amefunga. Nimekutana na madaktari wengi tangu siku zile, wa watu na wa vitu, na sijaona uvumilivu kama ule. Alianza na mkanda wa feni, akaubonyeza kwa kidole gumba, ukawa sawa. Akatoa termosta, kile kimlango kinachofungulia maji injini ikipata moto, akaitumbukiza kwenye sufuria ya bibi jikoni, maji yakapata moto, tukaiona ikifunguka polepole kama jicho. Sawa. Akachomoa kijiti cha oili, akapaka tone kwenye kucha. Nyeusi, haina maziwa ndani yake, maana yake maji hayajachanganyika na oili.

Asubuhi ya pili, injini ikiwa baridi kabisa, aliiwasha, akaniita.

"Mama, shika mupira ya juu. Unasikia nini?"

"Laini, baba."

"Endelea kushika."

Nilishika. Ulitetemeka kiganjani kama koo la mnyama.

"Bado laini?"

"Bado."

"Basi gasiketi ni nzima. Ingekuwa imeungua, moto ya silinda ingeingia mu maji, mupira ungekuwa ngumu kama jiwe sasa hivi, gari ikingali baridi." Aliinama kwenye mdomo wa radiateri, akatazama maji kwa muda mrefu. Hakuna povu lililopanda.

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo shuleni sikuja kulisikia ila baada ya miaka mingi. Aliniambia maji yakiwa wazi yanachemka mapema, na ukipanda mlima yanachemka mapema zaidi. Lakini yakibanwa yanavumilia. Ndiyo maana gari linafungwa maji yake kwa nguvu, yapate joto kali bila kuchemka. "Mulima inatafuta penye kuvuja," alisema. "Kule Gatumba ni tambarare, gari yenye shida ndogo inaweza kutembea mwaka muzima na hakuna mutu atajua."

Kwa hiyo akatafuta pa kuvuja. Alikuwa na kifaa alichojitengenezea: kifuniko cha zamani kilichotobolewa katikati, kikachomelewa valvu ya tairi la baiskeli, na saa ndogo ya kupimia upepo. Alikifunga kwenye radiateri, akaunganisha pampu ya baiskeli, akaniambia nisukume. Nilisukuma mpaka mshale ukafika alipotaka. Kisha tukakaa kwenye matairi kuutazama. Kama kuna tundu mahali popote, kwenye mpira, kwenye radiateri, kwenye pampu ya maji, mshale ungeshuka.

Tulikaa tangu adhuhuri mpaka kivuli cha lori kikafika ukutani. Nzi walitua kwenye mikono ya baba, hakuwafukuza. Mshale haukusogea hata unywele.

Nilifurahi. Nilidhani maana yake lori ni zima. Nilipomgeukia baba, nilimwona amekodolea macho si ile saa ya upepo, bali kile kifuniko kinachong'aa alichokuwa amekitoa na kukiweka juu ya bampa ili apate nafasi ya kupima.

"Kila kitu tumepima," alisema taratibu, "isipokuwa ile tulitoa."

Aliinuka kwa shida, magoti yakilia. Alikuwa na shingo ya radiateri mbovu aliyoikata zamani. Akafunga kifuniko kile juu yake, akaunganisha pampu, akasukuma mwenyewe. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Mshale ulipanda mpaka katikati, halafu fyuuu, upepo ukatoka. Akasukuma tena. Fyuuu. Akakitoa, akapangusa juu yake kwa kidole gumba, akakisogeza kwenye mwanga. Kilikuwa na namba saba, ndicho kipimo cha nguvu kinayoweza kuzuia. Kile cha zamani, kilichokatika mpira, kilikuwa na kumi na tatu. Chenye namba saba kilikuwa cha gari dogo. Kililingana kwa mdomo, kikakaa vizuri, kikafunga vizuri, na mlimani kikaachia maji njia nzima, tone kwa tone, mpaka yaliyobaki yakachemka.

"Hii ilitoka mu kopo?"

"Ndiyo, baba."

Alikitia kifuniko mfukoni, akaenda kunawa, akasali. Mimi nilibaki nimesimama pale pale. Mtoto wa miaka kumi anajua, rafiki yangu. Tusiwadanganye wengine kwamba hajui. Niliona mkono wangu ukichagua kinachong'aa, nikaona kanga ikitoka na ngozi.

Karibu na wakati wa kufuturu, bibi akiwa amekwisha kuepua uji, baba alitoka kwenda kwa dereva, nami nikamfuata bila kuitwa. Tulimkuta mama mwenye lori amesimama mlangoni, amekuja kuchukua ufunguo wa pili wa lori ampe dereva mpya. Dereva alikuwa ameushika kwa mkono wa kushoto, ameunyoosha. Mkewe alitazama chini.

"Mama, muachie ufunguo yake," baba akasema. "Kosa ni yangu. Niliweka bushoni ya gari ndogo mu kamyo yako. Sikusoma namba."

Mama yule alishusha mkono aliotaka kupokelea ufunguo.

"We, fundi?"

"Mi. Huyu aliweka maji. Maji ilitoka sababu ya kazi yangu."

Nilifungua mdomo. "Baba, mi ndio ni..."

Kiganja chake kilitua kichwani pangu, kikabonyeza kidogo, na maneno yakaishia pale. Alimgeukia dereva, akamwomba msamaha mbele ya mkewe na watoto wake, kwa sauti ile ile ya kila siku, na dereva akasema, "Basi, fundi, basi," huku machozi yakimtoka. Nilidhani ni maumivu ya mkono.

Njiani nilimwambia baba kwamba mimi ndiye niliyekileta.

"Ulileta," akasema. "Mi nilifunga. We ni mutoto, unaangalia kile kinangaa. Mi natakiwa kuangalia namba." Tukaenda hatua chache. "Usiseme tena hii maneno kwa mutu."

Sikusema. Dereva alirudishiwa kazi yake, na mkono ulipopona alirudi barabarani. Mama mwenye lori hakugombana tena, ila lori lake alilipeleka kwa fundi mwingine, na wenzake wa sokoni wakamfuata. Mwaka ule uwanja wetu ulikuwa na nafasi tele, majirani hawakulazimika tena kupita kwa ubavu. Baba hakulalamika. Alikuwa tu akishika kipuri chochote, ananipa nimsomee namba kwa sauti, kisha anaisoma mwenyewe, ndipo anafunga. Kabichi ziliendelea kuja. Kila ilipofika moja nilijificha chumbani, kwa sababu dereva aliileta kwa mkono ule ulioungua.

Hivi ndivyo vitu nilivyokuwa navyo kichwani kando ya barabara ya Gatumba. Lori lilipopoa, dereva alifungua kifuniko taratibu, na tukaona kwamba mapezi ya radiateri yalikuwa yamezibwa na tope la mafuriko. Tuliyasafisha kwa mswaki wa mama mdogo na maji ya ndoo, tukafika mjini jioni, tumechoka wote watatu hata hatukuagana vizuri.

Siku chache baadaye nilipita Buyenzi. Uwanja wetu sasa ni jengo la ghorofa lenye maduka ya simu, na mahali lilipokuwa beseni langu pana ngazi. Mafundi wachache waliobaki wanachomeka waya kwenye lori, wanasoma kosa kwenye skrini. Siwalaumu, magari yenyewe yamebadilika. Nilimuuliza mmoja kama anashika mpira wa juu asubuhi injini ikiwa baridi, akacheka kwa adabu.

Kutoka pale nilikwenda Ngagara, ambako yule dereva anaishi kwa binti yake. Amekonda sana, na miguu haimbebi. Siku tulipomzika baba yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea, na hata siku hiyo sikumwambia. Safari hii nilikaa kwenye mkeka karibu na kiti chake, nikamwambia yote: kopo, kifuniko kinachong'aa, kiganja cha baba kichwani pangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "asubui ile, wakati wa kuweka maji, niliifungua ile bushoni. Ilikuwa laini mu mukono. Haikuwa na nguvu ya ile ya zamani. Nilijiambia, nipite kwa fundi nimuulize. Halafu nikasema, apana, mama ataniwakia, nimechelewa." Alipangusa uso. "Baba yako alikuja kuniomba samahani mbele ya watoto yangu, na mi nilinyamaza. Nilimuachia yote. Ile kabichi, unafikiri nilikuwa naleta juu ya nini miaka yote?"

"Ulikuwa unaleta hata zamani," nikamwambia.

"Zamani nilikuwa naleta juu ya kupenda."

Binti yake alituletea chai ya tangawizi, akatutazama, akaondoka bila kuuliza. Nje mabasi madogo yalikuwa yakiita abiria wa mjini. Bibi hayupo, mama mwenye lori alirudi ng'ambo na hatukusikia tena habari zake, na watoto wale wanne wametawanyika. Tuliobaki tunaolijua jambo lile tulikuwa wawili tu, tumekaa tukipuliza chai, kila mmoja na sehemu yake aliyokuwa ameificha. Na yule aliyelibeba lote mbele za watu, akiwa na njaa na kiu, hatuna tena mahali pa kumwambia.